Walitengana Lini? Namna Mahakama Inavyoitafuta Siku ya Kutengana kwa Wanandoa

Ndugu msomaji, tuchukue mfano unaofanana na mengi yanayotokea mpakani. Mume na mke wanafika katika kaunta ya kituo cha polisi, kila mmoja ameshika karatasi zake. Mke anasema waliachana miaka mitatu iliyopita, siku alipofungasha nguo zake na kuvuka mpaka kwenda kuishi kwa dada yake. Mume anasema mkewe alikwenda kufanya biashara tu, na kwamba Krismasi ya mwaka juzi walikula pamoja kama kawaida. Katikati yao kuna kiwanja, kibanda cha duka, ng'ombe wawili na watoto wawili wa shule. Kila mmoja anamtaka afisa wa zamu aandike tarehe anayoitaka yeye, apige mhuri, na mambo yaishe.

Afisa wa zamu hawezi kufanya hivyo. Anaweza kuandika malalamiko aliyoyapokea leo. Hawezi kuamua jambo lililotokea miaka mitatu iliyopita katika nyumba ambayo yeye hakuwamo. Uamuzi huo ni wa mahakama. Lakini hakimu naye hakuwamo katika nyumba hiyo. Hutegemea alama zilizoachwa na maisha ya kila siku: nani alilipa kodi ya nyumba, nani alipika, nani alitambulishwa msibani kuwa mke au mume wa nani. Makala haya yanaeleza jinsi alama hizo zinavyopimwa katika Uganda, Kenya na Tanzania, ili mwananchi wa mpakani asije akapoteza haki yake kwa kukosa kumbukumbu.

Kwa nini tarehe ina uzito

Sheria zetu huhesabu miaka. Nchini Uganda, Sheria ya Talaka, ambayo asili yake ni mwaka 1904, inataja kutelekezwa bila sababu ya msingi kwa muda wa miaka miwili au zaidi. Hapo zamani mke alitakiwa kuthibitisha mambo mengi kuliko mume ili apewe talaka. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilibatilisha ubaguzi huo, na sasa sababu zilizomo katika sheria zinawahusu wote wawili kwa usawa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaeleza kuwa ndoa ya kiserikali inaweza kuhesabiwa kuwa imevunjika kabisa iwapo wanandoa wametengana kwa angalau miaka miwili, kwa hiari yao au kwa amri ya mahakama. Anayedai kuwa ametelekezwa anatakiwa aonyeshe miaka mitatu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja miaka mitatu kwa yote mawili, yaani kutengana na kutelekezwa kwa makusudi.

Hebu tazama maana yake. Wanandoa waliotengana kwa miezi thelathini wameufikisha muda wa kutengana unaotajwa kwa ndoa ya kiserikali Kenya, lakini Tanzania bado wanapungukiwa na miezi sita. Haimaanishi kwamba mlango umefungwa kabisa, kwa kuwa mahakama inaweza pia kuangalia mambo mengine kama ukatili na uzinzi. Hata hivyo, anayeegemea hoja ya kutengana peke yake anaweza kushindwa kwa sababu ya miezi michache tu. Hapo ndipo ubishi wa tarehe unapozaliwa.

Mambo mawili: umbali na nia

Watu wengi hudhani kwamba kutengana ni kulala mahali tofauti. Kama ingekuwa hivyo, kila dereva wa lori aendaye Juba, kila askari aliyehamishiwa kituo cha mbali na kila mama auzaye nguo ng'ambo ya mpaka angekuwa ametengana na mwenzi wake. Mahakama hutafuta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni maisha kuwa mbalimbali: hakuna tena kaya moja. La pili ni nia: angalau mmoja wao ameamua kwamba ndoa imekwisha, na mwenendo wake unauonyesha uamuzi huo.

Mwaka 1972, katika shauri la Santos, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilieleza kwamba kuishi mbalimbali hakuanzi kuhesabiwa maadamu wote wawili bado wanaitambua ndoa yao. Huanza pale mmoja anapoacha kuitambua, hata kama hajamtamkia mwenzake. Tunaitaja hukumu ya Uingereza kwa sababu sheria za nchi zetu tatu zilikulia katika mfumo huo, na mahakama zetu bado hupata mwongozo kutoka humo, ingawa hazifungwi nao.

Kwa hiyo mume aliyekwenda kufanya kazi mjini mwezi wa Januari, akawa anatuma fedha na kupiga simu, kisha mwezi wa Agosti akaandika ujumbe kwamba hatarudi tena kwa mkewe, hakutengana naye Januari. Alitengana naye Agosti. Safari ilikuwa ya kazi. Ni ule ujumbe uliobadilisha maana yake. Kinyume chake pia ni kweli: anayesema moyoni kwamba ndoa imekwisha, lakini akaendelea kuishi kama zamani, atapata shida kubwa kumshawishi hakimu kwamba tarehe yake ni ya kweli. Nia isiyoonekana kwa vitendo ni vigumu kuithibitisha.

Dari moja, kaya mbili

Je, watu wanaweza kutengana wakiwa chini ya dari moja? Ndiyo, na mpakani hutokea mara kwa mara, kwa kuwa kodi ya chumba cha pili si kila mtu anaiweza. Swali ambalo mahakama huuliza ni hili: ndani ya nyumba ile kulikuwa na kaya moja au kaya mbili?

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Hopes. Mume alikuwa amehamia chumba kingine, na mke hakumfulia wala kumshonea nguo tena. Lakini waliendelea kula pamoja na familia na kutumia sehemu nyingine za nyumba kwa pamoja. Mahakama ilisema hao bado walikuwa kaya moja, ingawa kaya isiyo na furaha. Kugombana si kutengana, na kulala vyumba tofauti peke yake hakutoshi.

Kwa mazingira yetu, hakimu angeuliza: Je, kulikuwa na jiko moja au mawili? Nani alinunua unga? Nani alilipa karo? Mgeni alipofika, alipokewa na nani, na akaambiwa nini? Mmoja alipougua, mwenzake alimpeleka hospitali? Katika harusi na misiba ya ukoo walikaa kama mume na mke? Hakuna jibu moja linaloamua yote. Hakimu hupanga majibu hayo pamoja, kisha huangalia sura inayojitokeza.

Aliyeondoka si lazima awe ndiye aliyetelekeza

Hapa pana kosa linalowaumiza wengi, hasa akina mama. Mke aliyepigwa akakimbilia kwao huambiwa na wakwe, na wakati mwingine na majirani, kwamba yeye ndiye aliyeiacha ndoa, na kwa hiyo hana haki yoyote. Mahakama haziangalii mambo hivyo. Mwenzi anayemfanyia mwenzake vitendo vinavyomlazimisha kuondoka ndiye anayehesabiwa kuwa ametelekeza, hata kama yeye ndiye aliyebaki na funguo za nyumba. Aliyekimbia ukatili ana sababu ya msingi ya kuondoka.

Lakini ni lazima sababu hiyo ithibitishwe. Ndiyo maana tunasihi: anayeondoka kwa kuokoa maisha yake afike kituo cha polisi mapema awezavyo, aeleze kilichotokea, apelekwe kwa uchunguzi wa daktari, na atunze namba ya taarifa aliyopewa. Taarifa iliyoandikwa siku ile ile ina nguvu kuliko maelezo mazuri yanayotolewa miaka minne baadaye. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, na Kenya ina sheria yake ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa aina hiyo ya mwaka 2015. Sheria ya Ndoa ya Tanzania nayo inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Ulinzi huo hausubiri hesabu ya miaka wala kesi ya talaka.

Kurudiana na kuhesabu upya

Mara nyingi wanandoa hutengana, wazee wakawapatanisha, wakarudiana, kisha wakaachana tena. Ipi ndiyo tarehe? Ikiwa walirudiana kwa dhati, wakaishi tena kama kaya moja, hesabu ya zamani hukatika, na kutengana kwa pili ndiko kunakohesabiwa. Lakini kuja kuwaona watoto sikukuu, kulala usiku mmoja kwa sababu gari limeharibika, au kukaa pamoja siku chache msibani, si lazima kuhesabiwe kuwa ni kurudiana. Mahakama hutazama kusudi la ziara na yaliyofuata. Katika mfano wetu wa mwanzo, ile Krismasi anayoitaja mume haitaamua shauri peke yake. Atahojiwa: mlikula pamoja siku moja kwa ajili ya watoto, au mlianza tena maisha?

Msomaji asiogope upatanisho kwa kuhofia kwamba utamharibia kesi. Nchini Tanzania, kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Sheria inaruhusu kulipita baraza katika hali fulani, kwa mfano pale aliyetelekezwa hajui mwenzi wake alipo, au pale mwenzi anapoishi nje ya Tanzania na hakuna dalili ya kuingia nchini katika miezi sita ijayo. Watu wa Mutukula na Sirari wanapaswa kulijua jambo hili.

Alama zinazopimwa

Katika mashauri ya aina hii hakimu hupima upande upi unaaminika zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na ndoa nayo, isipoachiwa kumbukumbu, huacha ubishi. Vitu vifuatavyo husaidia:

Mkataba wa kupanga nyumba na risiti za kodi, vikionyesha siku mmoja alipoanza kuishi peke yake.

Barua au kumbukumbu za mwenyekiti wa kijiji au mtaa, za viongozi wa dini na za kikao cha ukoo, zilizoandikwa wakati jambo lilipotokea.

Ujumbe wa simu na taarifa za kutuma fedha. Usifute, na usitegemee picha ya ujumbe peke yake. Tunza simu yenyewe, kwa sababu mahakama inaweza kutaka kujua ujumbe ulitoka wapi.

Kumbukumbu za shule na za kliniki, zinazoonyesha nani alikuwa mlezi na aliishi wapi.

Pasi ya kusafiria na vibali vya muda vya kuvuka mpaka. Mhuri unaonyesha siku uliyovuka; hauonyeshi kwa nini ulivuka. Na aliyepita njia za panya hana hata huo mhuri, hivyo amejinyima ushahidi wake mwenyewe.

Majirani walioona kwa macho yao. Shahidi anayesema alisikia tu ana uzito mdogo.

Tunatoa onyo moja. Kumwomba kiongozi wa kijiji aandike leo barua yenye tarehe ya miaka mitatu iliyopita ni kughushi, na wote wawili, aliyeomba na aliyesaini, wanaweza kushtakiwa. Zaidi ya hayo, uongo mmoja ukigunduliwa, hakimu anaweza kutoyaamini hata maneno ya kweli ya upande huo.

Mila na dini vina tarehe zake

Katika jamii nyingi za mpakani, wazee huhesabu kwamba ndoa imekwisha siku ng'ombe wa mahari waliporudishwa. Nchini Uganda, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Agosti 2015 kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo hakuna mwanamke anayepaswa kuzuiwa kuondoka kwa kuwa familia yake haina ng'ombe wa kurudisha. Kikao cha wazee kinaweza bado kuwa ushahidi mzuri wa siku walipokubali kwamba ndoa imeshindikana. Ushahidi huo unatokana na kikao chenyewe, wala si na ng'ombe.

Kwa Waislamu, eda ya talaka huanza kuhesabiwa tangu talaka, si tangu siku mke alipoondoka nyumbani. Mwenye shaka amwone kadhi, na kila talaka iandikwe na kusajiliwa kama sheria ya nchi yake inavyotaka.

Jambo moja ni la wote: kutengana si talaka. Aliyefunga ndoa ya mke mmoja, ya kanisani au ya kiserikali, akafunga nyingine kabla mahakama haijaivunja ya kwanza, anatenda kosa la jinai. Uganda na Kenya kosa hilo lina adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitano. Kutengana kwa miaka kumi hakumfanyi mtu kuwa huru kuoa au kuolewa tena.

Mali iliyopatikana baada ya kutengana

Wengi hung'ang'ania tarehe kwa sababu ya mali. Hudhani kwamba kila kilichonunuliwa siku moja kabla ya kutengana ni cha wote, na kila kilichonunuliwa siku moja baadaye ni cha mnunuzi. Katika nchi zetu tatu mambo si mepesi hivyo. Tarehe ni ushahidi muhimu, lakini swali kubwa ni mchango.

Nchini Tanzania mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango. Nchini Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mgawo wa nusu kwa nusu hauji wenyewe, bali kila mmoja aonyeshe alichochangia. Nchini Uganda, katika shauri la Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe la mwaka 2013, Mahakama ya Juu pia ilitambua mchango wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme kiwanja kilinunuliwa na mume miezi minane baada ya mke kuondoka. Ikiwa fedha zilitoka katika duka ambalo mke alilisimamia kwa miaka sita, kuchelewa kwa ununuzi hakufuti jasho lake. Ikiwa zilitoka katika mshahara wa kazi mpya ambayo mume aliipata baada ya kutengana, madai ya mke yatakuwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo tunza risiti zinazoonyesha fedha zilitoka wapi, si tarehe peke yake. Na nyumba ya familia isiuzwe kwa siri wakati shauri halijaisha: sheria za nchi zote tatu zina masharti ya ridhaa ya mwenzi.

Kesi ifunguliwe upande upi

Kuvuka daraja kwenda kutafuta sheria iliyo nafuu hakusaidii. Nchini Uganda, mahakama haivunji ndoa chini ya Sheria ya Talaka isipokuwa mwombaji ana makazi yake ya kudumu nchini humo wakati wa kufungua shauri. Tanzania huhitaji mwombaji awe na makazi ya kudumu nchini, au awe ameishi humo kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kuleta maombi. Kabla ya kulipa ada yoyote, muulize wakili, ofisi ya msaada wa kisheria au karani wa mahakama.

Watoto hawasubiri tarehe

Wakati wakubwa wanabishana juu ya mwezi na mwaka, mtoto anahitaji chakula leo. Wajibu wa kumtunza hautegemei siku ya kutengana wala nani alikosa. Mzazi asimvushe mtoto mpaka kwa siri ili kumkomoa mwenzake. Tendo hilo humwondoa mtoto shuleni, huweza kuwa kosa la jinai, na hakimu atalikumbuka atakapoamua ni nani apewe malezi.

Polisi tutafanya nini

Tutapokea taarifa ya ukatili, vitisho, wizi au mtoto aliyetoweka, na tutachukua hatua. Tutawasindikiza wanaohofia usalama wao wanapokwenda kuchukua nguo na nyaraka zao. Tutaandika malalamiko kama yalivyotolewa na kwa tarehe ya siku yalipotolewa. Hatutagawa mali kwenye kaunta, hatutatoa talaka, hatutamlazimisha mtu arudi kwenye nyumba aliyoikimbia, wala hatutaandika tarehe tusiyoishuhudia.

Ndugu msomaji, yule mume na yule mke tuliowaacha kaunta watakwenda mahakamani, na mmoja wao ataaminiwa zaidi. Huenda asiwe mwenye sauti kubwa. Atakuwa yule aliyetunza risiti ya kodi ya chumba, aliyetoa taarifa siku ile ile, na aliyesema mbele ya mashahidi yale yaliyokuwa moyoni mwake. Ikiwa nyumba yako imefikia hapo, anza leo kuweka kumbukumbu za kweli, na uzihifadhi mahali salama.